Mheshimiwa Aliyerudisha Wasifu Wake

Jinsi nilivyofika Sifani haina haja ya kusimuliwa. Nilichoka, nikalala, nikaamka niko huko, na sanduku langu la vitambaa vya suti halikupotea njiani, jambo ambalo kwa msafiri ndilo kubwa. Mimi ni mchuuzi wa vitambaa, mtu wa Tanga, na nchi yoyote yenye wabunge kwangu ni nchi yenye wateja. Niliyoyaona nitayasema kama yalivyokuwa. Atakayetaka kucheka na acheke. Mimi kule nilijizuia kwa adabu ya ugeni.

Sikumaliza hata barabara ya kwanza, askari akanishika mkono.

"Kofia!" akasema.

"Ni yangu," nikamjibu. "Nimeinunua mwenyewe."

"Ivue! Huoni Mheshimiwa anapita?"

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nilichokiona ni bwana mmoja mnene wa makamo, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, anachagua ndizi. Kumbe ndiye. Nikavua kofia, nikabaki na upara wangu juani, na barabara nzima wanaume wamesimama vivyo hivyo, kofia vifuani, wakingoja amalize kuchagua ndizi zake. Naye hakuwa na haraka, maana ndizi mbivu zinataka utulivu.

Alipoona mimi ni mgeni alinijia na kunipa ndizi mbili. "Usiudhike, ndugu yangu," akasema. "Sheria ya Kofia hiyo. Ilipita kwa kura moja tu, na kura hiyo moja ilikuwa yangu. Nilikuwa kijana, siku zangu za mwanzo Barazani." Alilisema hilo kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha meno ya dhahabu. Kisha akaligusa sanduku langu, akauliza kama nina kitambaa cha kijivu, na kabla jua halijapinda nilikuwa mgeni nyumbani kwake.

Jina lake nitalitaja kwa wakati wake. Nina sababu. Kwa sasa niacheni nimwite Mheshimiwa, kama alivyoitwa na kila mtu.

Alikuwa mwakilishi wa jimbo la Mbiru, ambalo mto wa jina hilo hilo unalikata vipande viwili. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na mtoto aliyekulia kinuni hujifunza kusema kwa sauti kubwa. Sauti hiyo ndiyo iliyompa ualimu, na baadaye ndiyo iliyompa ubunge. Wakati wa kampeni wagombea wenzake walihangaika kuvuka mto kwenda kuomba kura upande wa pili, wakalowa, wakapoteza viatu. Yeye alisimama upande mmoja akahutubia, na pande zote mbili zikamsikia vizuri. Aliahidi kitu kimoja tu: daraja. Wakampa kura zote. Loo, na mimi ningempa!

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata.

Katika Sifani, mwakilishi anapoapishwa, husomewa papo hapo wasifu wake wa mazishi. Ndiyo, wa mazishi, na mtu yupo hapo mzima, ananukia marashi. Unatajwa ukarimu wake, yanatajwa aliyolifanyia jimbo, hata sanamu yake ya jiwe inasimamishwa siku hiyo hiyo katika bustani ya Baraza. Kisha wasifu unapigiwa kura kama muswada mwingine wowote na kuwa sheria ya nchi.

Nilimuuliza Spika wao, Kitwana Zuberi, mzee mwembamba aliyekuja kupimwa koti, kwa nini wasingoje mtu afe kwanza.

"Akishakufa ataweza kusahihisha makosa?" akaniuliza.

"Hataweza."

"Haya basi. Zamani tulingoja, na matokeo yake ni kwamba makaburini watu walikuwa wakisema uongo mtupu. Aibu tupu! Ndipo mababu wakaamua wasifu upitishwe na Baraza, mwenyewe akiwepo. Na kilichopitishwa na Baraza hakiwezi kuwa uongo. Nibane kidogo hapo kiunoni."

Nikambana kiunoni.

Kwa hiyo kazi kubwa ya Baraza lile ni kurekebisha wasifu. Nilihudhuria kikao kilichokaa tangu asubuhi hadi jioni kikijadili kama marehemu mtarajiwa fulani aitwe shupavu au jasiri. Mwingine, wasifu wake ulisema mjane wake alilia sana. Bwana huyo hajaoa mpaka leo, maana kila mwanamke akisomewa hapo anakumbuka ana safari. Na Mheshimiwa Bungara, mwakilishi wa nyika kavu ambako hata mbuzi wanakohoa vumbi, wasifu wake unasema aliwachimbia watu wake ziwa. Basi ziwa lipo. Lina ofisa wa uvuvi, tena mchapakazi, na watoto wa shule kule wanafundishwa kuogelea mchangani. Nimewaona. Wengine wanaogelea vizuri.

Wasifu wa mwenyeji wangu ulikuwa mfupi kuliko wote Barazani: *Aliwajengea watu wa Mbiru daraja.* Basi. Aliomba mwenyewe uwe hivyo, akiamini kwamba kwa kuwa limeandikwa, litajengwa. Na hapo ndipo alipojitia kitanzi bila kujua. Siku wasifu ule ulipopita, daraja lilikuwepo kisheria, na hakuna serikali duniani inayojenga daraja lililokwisha kujengwa.

Alinipeleka nilione. Njiani alikuwa mchangamfu, akinionyesha mashamba ya mahindi na jumba la posta, lakini tulipokaribia mtoni akapunguza maneno. Mto wa Mbiru ni mpana, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na juu yake hakuna kitu. Ukingoni kulikuwa na kibanda kilichopakwa rangi vizuri, na mbele yake amesimama mlinzi wa daraja, Tawakali, amevaa sare yenye vifungo vya shaba. Watu walikuwa wakiingia majini, nguo wamezikunja vichwani, maji kifuani.

"Shikeni kushoto!" Tawakali akawaambia. "Msikimbie darajani! Mama, punda wako asisimame katikati!"

Wakashika kushoto. Walipotoka upande wa huku, Tawakali aliwagusa mmoja mmoja, na kila aliyelowa alitozwa faini, kwa sababu kulowa ni ushahidi kwamba mtu ameliacha daraja na kupita majini kwa ukaidi wake. Wote walikuwa wamelowa, isipokuwa mtoto mmoja aliyebebwa mabegani. Huyo alipongezwa.

"Tawakali ni mtu mwema," Mheshimiwa akaniambia tukirudi, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Nimemfundisha mimi darasani."

Jioni ile tulikuwa mezani tunakula wali na kuku, Mheshimiwa akinieleza atakavyoivaa ile suti ya kijivu, mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia mwanamke mrefu, mkavu, anachechemea, maji yanamtiririka mpaka kwenye mkeka. Alikuwa Siwatu, dada yake mkubwa, mkunga pekee wa pande zote mbili za mto.

"Shikamoo, dada," Mheshimiwa akasema, akainuka.

"Marahaba. Kaa. Nimelowa, na nimetozwa faini kwa kulowa, na aliyenitoza nilimzalisha mama yake. Kuku huyo ametiwa nazi?"

Akapakuliwa. Akala kidogo, akasukuma sahani.

"Natoka kumpima Mwanjaa," akasema. Akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni: "Mwanjaa ni mtoto wa marehemu kaka yetu. Ameolewa ng'ambo. Ana mimba tena."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Ngoja kwanza. Ile ya kwanza uchungu ulimshika wakati wa masika. Nikaitwa. Nikafika mtoni, mto umefurika, nikaingia hivyo hivyo, maji yakanibeba na kunipigiza kwenye mwamba. Mguu huu ndio huo. Walinivuta kwa kamba wakanirudisha huku huku. Basi nikalala tope ukingoni, namsikia Mwanjaa anapiga kelele upande wa pili. Halafu akanyamaza. Nikangoja kusikia mtoto." Akautazama mkono wake. "Mtoto hakulia."

Mimi vitambaa na suti vyote vilinitoka kichwani. Mheshimiwa alikuwa anatazama sahani.

"Huyu wa sasa atazaliwa masika yakianza," Siwatu akaendelea. "Na mguu huu hauogelei tena, mdogo wangu. Nataka daraja."

"Dada, kila mwaka napeleka hoja. Kila mwaka Spika anasema daraja lipo. Nifanye nini? Lipo kisheria!"

"Basi liondoe."

"Haliondoki! Kilichosifiwa hakipunguzwi hata neno. Kanuni inaruhusu kitu kimoja tu, kurudisha wasifu wote. Na wangu wote ni hilo daraja." Sauti ya kinuni ikamtoka, sahani zikatetemeka. "Unajua mtu akirudisha wasifu anakuwa nini? Anakuwa Hakuwepo! Sanamu inaondoka. Kiti kinaondoka. Jina langu halitatajwa tena na mtu yeyote katika nchi hii, wala kaburini sitasomewa hata sentensi. Miaka yangu yote Barazani, dada! Nitakuwa sikuishi!"

Siwatu alimwacha apumue.

"Mtoto wa Mwanjaa naye hakuishi," akasema. "Na yeye hakupewa nafasi ya kuchagua."

Akaaga, akaninong'oneza nimlazimishe ale, akaondoka akichechemea. Mheshimiwa hakula. Alikaa akipapasa kile kitambaa cha kijivu nilichomkatia, mwisho akanirudishia. "Kiweke," akasema. "Sijui kama nitakihitaji."

Siku ya hoja nilikaa roshani ya wageni. Mheshimiwa alisimama na koti lake la zamani, akasema kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika mpaka mtoni: "Mheshimiwa Spika, naomba kurudisha wasifu wangu."

Ebo! Baraza likavurugika. Kengele ya Spika ikalia mpaka ikakosa pumzi. Wa kwanza kuruka alikuwa Bungara, bwana wa ziwa la vumbi.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Mimi nimevuka daraja hilo mwenyewe. Ni zuri, imara, lina upepo mwanana. Huyu ndugu anamsingizia nani?"

"Anajisingizia mwenyewe," akasema Spika.

"Hata hivyo! Leo akisema daraja halipo, kesho watu watakwenda kuangalia mambo mengine!" Hapo akagundua amesema mengi, akakaa.

Mwingine akauliza: kama Mheshimiwa hakuwepo, nani anayeomba? Je, hoja ya mtu asiyekuwepo inajadilika? Wakabishana juu ya hilo mpaka chai. Baada ya chai akainuka Spika mwenyewe, akamtazama mwenyeji wangu kwa huruma ya kweli, maana walikuwa marafiki wa miaka mingi.

"Ndugu yangu, fikiri," akasema. "Tutakuongezea wasifu. Tukuwekee na hospitali. Mkunga atakuwa na hospitali pande zote mbili, leo hii, kabla ya magharibi. Mnasemaje, waheshimiwa?"

Makofi yakalipuka. Nawaambieni, Baraza zima lilikuwa tayari kumpa hospitali mbili, na mmoja akapendekeza zahanati ya macho. Walikuwa wakarimu, siwezi kuwanyima hilo.

Mheshimiwa alisimama ameshika mgongo wa kiti chake. Niliona macho yake yanakwenda dirishani, kwenye bustani, ilikokuwa sanamu yake. Ilikuwa sanamu nzuri. Kitumbo walikuwa wamekipunguza na mkono mmoja umenyooshwa, kama anayeonyesha kitu cha mbali. Nikasema moyoni, basi, amekwisha, atakubali. Na nikiri, ningekuwa mimi ningechukua ile ya macho pia.

"Nashukuru sana," akasema. "Lakini nina dada yangu ana mguu mbovu. Naurudisha wote." Akaketi.

Kanuni ni kanuni. Mwenye wasifu akisisitiza, hapingwi. Spika akapiga nyundo, na pale pale macho ya Baraza zima yakampita mwenyeji wangu kama anavyopitwa mtu asiyeonekana. Mhudumu akaja kufuta vumbi kwenye kiti chake, naye akiwa bado amekikalia. Akainuka polepole, akatoka. Mlangoni askari hakuvua kofia.

Na hapo karani wa Baraza akanyanyua mkono, ametokwa na jasho. Alikuwa amekumbuka jambo. Ikiwa yule bwana hakuwepo, basi na kura zake hazikupigwa. Na Sheria ya Kofia ilipita kwa kura moja.

Habari zilifika mitaani kabla yetu. Nilipotoka nje, kofia zilikuwa vichwani mji mzima. Watu walikuwa na kofia za kila namna, nyingine zimetolewa kabatini zinanuka nondo. Bungara alipita na gari lake, na hakuna aliyejigusa kichwa. Mzee mmoja mwenye tarbushi nyekundu alimfuata hatua kadhaa ili aonekane vizuri zaidi.

Daraja sasa halikuwepo, kwa hiyo lingeweza kujengwa. Baraza liliona aibu jimbo zima kukosa daraja, jambo ambalo eti hawakuwahi kuambiwa, wakatoa mafundi na chokaa. Mawe yalipopungua, mtu akakumbuka kwamba bustanini kuna sanamu ya mtu asiyekuwepo, na sanamu ya mtu asiyekuwepo ni jiwe tu. Ikabebwa mpaka mtoni, ikazamishwa katikati, ndani ya nguzo kubwa. Miongoni mwa walioisukuma alikuwemo bwana mmoja mnene mwenye masharubu, ambaye kwenye orodha ya vibarua hakuandikwa, maana jina hana. Nilimwona. Alilowa mpaka shingoni, anatoa amri kwa ile sauti yake, na mafundi wakawa wanazifuata huku wakijifanya wamezifikiria wenyewe. Tawakali hakumtoza faini. "Nimtoze nani?" akaniambia, na akageuka kando kidogo kupangusa macho.

Mimi niliondoka kabla halijaisha. Wateja wangu Barazani walikuwa wamenuna, na mimi nilikuwa mgeni wa mtu ambaye hayupo, hali ambayo polisi hawaipendi.

Nilirudi miaka kadhaa baadaye, na sanduku jipya. Nilikwenda moja kwa moja Mbiru. Daraja lilikuwepo kwa macho, si la kupendeza sana, limepinda kidogo upande wa ng'ambo, lakini punda na mikokoteni vilipita juu yake kavu kabisa. Siwatu nilimkuta kwenye kibaraza, amekaa na mkongojo. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za mdogo wake.

"Mdogo gani?" akasema, kwa sababu Tawakali alikuwa karibu, na sheria ni sheria. Kisha akaniinamia. "Tulimzika mwaka jana. Kimya, bila maneno. Nilitaka kusema kitu, nikakumbuka tungefungwa wote." Akaugonga mkongojo sakafuni. "Mtu mwenye sauti ile, akazikwa kimya."

"Na Mwanjaa?"

"Nilifika. Masika yanapiga, mto unanguruma chini, na mimi napita juu na mkoba wangu, viatu vikavu. Twende ukaone."

Tukaenda darajani. Palikuwa na watu wengi, siku ya soko. Msichana mdogo alitupita mbio, amevaa kofia kubwa ya baba yake inayomfunika masikio, na Siwatu akamwita kwa ukali wa mapenzi: "We binti Mwanjaa, usikimbie!" Mtoto akaendelea kukimbia. Ila alipofika katikati, juu ya ile nguzo kubwa, akapunguza mwendo, akavua kofia, akatembea hatua chache, akaivaa tena, akatoka mbio.

Nikadhani ni mchezo wa kitoto. Nikatazama vizuri. Mwenye mkokoteni alipofika hapo, kofia mkononi. Wauza kuku wawili, kofia mikononi. Yule mzee wa tarbushi nyekundu, ambaye nilimkumbuka, akaivua, akaikung'uta, akaivaa ng'ambo ya pili. Wanawake wenye mizigo walishika mizigo yao kwa mikono miwili na kunyamaza mpaka wapite. Sheria ya Kofia ilikwisha kufa, hakuna wa kuwalazimisha.

Askari mmoja kijana, mgeni wa jimbo, alimsimamisha mwenye kuku. "Hapa mnamvulia nani kofia?"

"Joto, afande," akajibu.

Askari akamtazama. Akatazama foleni nzima ya watu wenye joto mahali pamoja. Akatazama chini, kwenye nguzo, ambako maji yanapita yakitoa povu. Kisha akavua kofia yake, akapangusa paji la uso, ingawa lilikuwa kavu.

"Kweli," akasema. "Kuna joto."

Siwatu alinishika mkono, nami nikavua yangu. Wao pale hawaruhusiwi kulitaja jina lake. Mimi nipo Tanga, nimekaa kwenye duka langu, na sheria yao haifiki huku. Aliitwa Feruzi Mbaruku. Aliwajengea watu wa Mbiru daraja.